Acheni kufuta funguo kila mkihama akaunti

Ule ushauri umeibuka tena: ukitaka kutoka akaunti ya kazini ya GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo) uingie ya binafsi, piga `ssh-add -D`, inayoondoa funguo zote za SSH (njia salama ya kuunganishwa na seva) kwenye ssh-agent, programu inayokushikia funguo hizo; ongeza ufunguo mwingine, endelea. Jioni futa tena. Asubuhi futa tena. Naam, hiyo ndiyo kazi tuliyoisomea.

GitHub haikujui kwa jina. Wote tunaingia kama `git`, na kinachokutambulisha ni ufunguo tu. Ndiyo maana ufunguo mmoja haukubaliwi kwenye akaunti mbili. Ukijaribu unajibiwa `Key is already in use`. Sasa weka funguo mbili kwenye ssh-agent. SSH itazitoa mmoja baada ya mwingine, na GitHub itaupokea wa kwanza inaoutambua. Basi, umeshaingia kama mwenye ufunguo huo. Kama ni wako binafsi na repo (hifadhi ya msimbo wa mradi) ni ya siri ya kampuni, huambiwi kwamba huna ruhusa. Unaambiwa `Repository not found`. Hapo ndipo watu wanapokagua herufi za URL mpaka macho yanauma na kumsumbua msimamizi awaongeze upya, ilhali repo ipo na ruhusa wanayo.

Dawa iko kwenye faili ya mipangilio ya SSH, `~/.ssh/config`, ambapo unaipa GitHub jina la bandia, hapa `github-kazi`:

```
Host github-kazi
    HostName github.com
    User git
    IdentityFile ~/.ssh/id_kazi
    IdentitiesOnly yes
```

Mstari wa mwisho ndio ambao maelekezo mengi huuruka, na ndio wenye kazi yote. `IdentityFile` peke yake haimaanishi “tumia huu tu”, inamaanisha “na huu pia”. Kama `id_kazi` haumo kwenye ssh-agent na wa binafsi umo, wa binafsi unatangulia, hata kama umeandika njia ya faili kwa usahihi kabisa. Kisha mtu analalamika kwamba config haifanyi kazi! Inafanya. Hukuimalizia.

Hakikisha kwa `ssh -T git@github-kazi`: jina linalofuata `Hi` ndilo unaloingia nalo. Likiwa siyo, ongeza `-v` usome mistari ya `Offering public key`. Repo ulizokloni zamani hazijibadilishi zenyewe; kila moja inataka `git remote set-url origin git@github-kazi:kampuni/mradi.git`.

Nakiri, shingo upande, kwamba jina hili la bandia lina kero yake: submodule (repo iliyo ndani ya repo nyingine) na vifurushi vilivyoandikwa `github.com` havilijui. Mwenye miradi ya aina hiyo aache folda iamue. Chini kabisa ya `~/.gitconfig`, faili ya mipangilio ya Git:

```
[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
    path = ~/.gitconfig-kazi
```

Na ndani ya `~/.gitconfig-kazi`:

```
[user]
    email = wewe@kampuni.example
[core]
    sshCommand = ssh -i ~/.ssh/id_kazi -o IdentitiesOnly=yes -F /dev/null
```

Ukisahau mkwaju (`/`) wa mwisho kwenye `~/kazi/`, folda za ndani hazihesabiwi. Ukiweka `includeIf` juu ya `[user]` yako ya kawaida, itakula kwako, kwa sababu Git hufuata thamani ya mwisho, wakati SSH hufuata ya kwanza. (Aliyepanga hivyo ana lake.) Hiyo `-F /dev/null` inazuia `IdentityFile` nyingine za config zisijumlishwe. Na barua pepe imo humo makusudi: ufunguo unafungua mlango tu, barua pepe inayoandikwa kwenye commit (badiliko lililohifadhiwa kwenye historia) inatoka `user.email`. Inawezekana kabisa kupush kwa ufunguo wa kampuni huku historia nzima ikibeba barua pepe yako ya tangu chuo.

Ruhusa za faili ya ufunguo wa siri: `chmod 600`, tumemaliza.

Nyie mnaotumiana ufunguo wa siri kwenye kundi la WhatsApp “ili timu nzima ipate”, sina config ya kuwapa. Ufuteni leo kwenye akaunti, kila mtu apige `ssh-keygen -t ed25519` kwenye mashine yake, aweke neno la siri, atume faili ya `.pub` (ufunguo wa umma) peke yake.