Kisiwa kisicho na maji

Mwaka wangu wa kwanza Uholanzi, jirani yangu mzee mstaafu alinipeleka Schokland. Zamani kilikuwa kisiwa. Watu wake walihamishwa mwaka 1859 maana bahari ilikuwa inawala, na mwaka 1942 maji yote ya kukizunguka yakakaushwa. Leo ni kilima kidogo katikati ya mashamba, na bandari ya zamani imezungukwa na nyasi. Mzee alisimama kifua mbele. Mimi nilitaka kulia.

Nimezaliwa Chongoleani, Tanga. Kwetu maji ya bamvua yakipwa, kina mama hushuka miambani na vijiti kutafuta pweza. Mgeni huona matope, sisi twaona kitoweo cha jioni. Kwa hiyo bandari kavu machoni pangu ilikuwa kijiji kilichonyimwa chakula. Kwa mzee, bahari ni ile iliyoua watu zaidi ya 1,800 nchini mwake usiku mmoja wa mwaka 1953. Alikuwa mtoto, na anaukumbuka.

Miaka ikapita, akaja Tanga nami. Baada ya Muheza kuelekea Korogwe akaomba gari lisimame apige picha: mkonge umepangwa mistari, Usambara nyuma yake. Ni pazuri, sikatai. Lakini babu mzaa baba alitoka Kasulu, Kigoma, akiwa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge. Alikata majani yale yenye ncha kama sindano, akafunga mizigo, akarudi jioni masikio yakivuma kelele za korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge. Uzeeni alikaa barazani kila jioni, na kila jioni aliupa mkonge mgongo.

Simlaumu mzee kwa kutoona nilichoona. Ninachoumia nacho ni chetu wenyewe. Schokland ipo makumbusho, mtoto wa shule anaelezwa nani aliishi pale na maji yalikwenda wapi. Mkonge umefika kwetu tangu 1893, na watoto wetu wanaupita ndani ya basi kama vile umejiotea. Manamba walitoka Kigoma, Songea, Burundi, wengi wakazikwa humo humo. Mashamba yale ni kaburi na ni urithi, nasi twayaita mandhari.

Nilimsimulia mzee habari za babu pale pale barabarani. Aliyeshtuka zaidi ni dereva wetu, kijana wa Ngamiani, mjukuu wa manamba kama mimi. Alikuwa hajaambiwa.