Miski ya Shemeji

Mume wa dada yangu anaishi Michigan, Marekani, na huko amejifunza kazi ambayo hapa Lamu hakuna aliyemtuma: kuwinda kulungu. Desemba alipokuja likizo, barazani hakuwa na hadithi nyingine. Msimu wa bunduki kule hufunguliwa tarehe 15 Novemba na kufungwa tarehe 30, naye huamka usiku wa manane, akapanda mti, akakaa kwenye kikalio kilichofungwa shinani, theluji ikimwangukia, hakohoi wala hajikuni. Tena amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, maana ndiyo sheria, wasije wakapigana risasi wenyewe kwa wenyewe.

“Na kulungu hakuoni na chungwa lote hilo?”

Akasema rangi haiwashtui sana, kinachowakimbiza ni harufu. Ndiyo maana nguo zake za kuwindia hufuliwa kwa sabuni isiyonukia, na lazima akae upepo ukimpiga usoni. Ukimpiga kisogoni, bora ashuke akanywe chai, maana kila mnyama aliye mbele ameshapata habari zake.

“Na kuchinja?” akauliza mzee mmoja.

“Nasoma bismillahi kabla ya kufyatua.”

Mzee akanyamaza, lakini kile kilikuwa kimya cha kutoa hukumu. Mwenzake akadakia: “Hapa serikali ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Waboni wenyewe, wawindaji wa asili wenye mwitu wao, wameacha. Wewe umekwenda kufukuza paa kwenye barafu!”

Mimi nilicheka kuliko wote. Ningejua, ningesikiliza vizuri ile sehemu ya harufu.

Siku ya harusi ya binamu yetu, dada alinituma nitoe zawadi kwenye mikoba ya mumewe. Mkoba mmoja ulikuwa ule wa kuwindia. Katika mfuko wa pembeni nikakuta kichupa saizi ya kidole gumba, kimefungwa mifuko ya plastiki miwili, na juu yake picha ya kulungu dume, mapembe kama matawi ya mti mkavu. Maandishi yalikuwa madogo na miwani sikuwa nayo.

Sasa nihukumuni kwa haki. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya udi na halud, yaani mafuta ya udi. Miski ya asili, kila mpenda manukato anajua, hutoka kwenye tezi ya dume la aina ya kulungu wa milima ya Asia. Kichupa kidogo, picha ya kulungu, kimetoka ng’ambo, tena kimefichwa. Nani hufunga kitu mara mbili kama si cha thamani? Nikasema moyoni: shemeji mchoyo huyu, sisi katuletea shampuu.

Nikafungua. Kilinuka zizi. Lakini halud ya Kihindi iliyo nzuri nayo huanza kwa kunuka zizi, kisha ndiyo hutulia, kwa hiyo badala ya kushtuka nikafurahi. Nikajipaka nyuma ya masikio, shingoni, kwenye leso, na tone moja kwenye masharubu ili nifaidi mwenyewe. Nikavaa kanzu mpya na kofia ya vito, nikatoka mtaa wetu wa Mkomani kuelekea mtaa wa Langoni, kaskazi ikinisukuma mgongoni.

Beberu alikuwa amelala mbele huko, kwenye kibaraza cha watu. Akainuka. Akainua pua, akakunja mdomo wa juu mpaka ufizi wote ukaonekana, akabaki hivyo kama anayekumbuka jambo. Kisha akaja. Vichochoro vyetu mnavijua: punda mwenye shehena akipita, wewe hujibanza ukutani. Pa kumpisha beberu hapakuwepo, na mwenyewe hakutaka kupishwa. Alinifuata mpaka mlango wa msikiti akitoa sauti ambazo hapa sitaziandika. Watoto nao walikuwa nyuma yake.

Ndani, swala ya Isha ikakimiwa. Imamu akageuka: “Zibeni mapengo.” Kulia kwangu palikuwa na pengo la watu wawili, kushoto la mtu mmoja na nusu. Akarudia, akinitazama. Hakuna aliyesogea. Nikadhani ni heshima kwa miski.

Nikahi ikafungwa, watu wakaanza kukumbatiana na kupeana mikono. Wengine walinipa vidole tu. Shemeji ndiye aliyenikumbatia sawasawa, kisha akaganda, pua ikiwa shingoni mwangu. Lamu nzima ni yeye peke yake aliyeijua ile harufu.

“Shemeji,” akaninong’oneza, “mbona umejipaka mkojo wangu?”

“Mkojo wako?”

“Si wangu mimi! Wa kulungu jike anayetaka dume. Naudondosha kwenye kitambaa, naning’iniza tawini, madume wanakuja.”

Nilitoka msikitini bila kuaga wala kuonja halua. Nyumbani nikaoga mpaka pipa likaisha, nikairudia Isha peke yangu, na kanzu dada akaishika kwa ncha ya fimbo. Kule nje beberu alikuwa bado analia.

Shemeji akaja kunipa pole, akaketi kitandani. Nikamwona anatoa simu.

“Yule beberu,” akasema, “alikuwa umbali wa hatua ngapi alipoinuka? Na upepo ulikuwa unatoka wapi?”