Wati 300 za nini?

Wauza flashi za kamera wa Mombasa, mwatuchosha! Mtu auliza taa ya studio ya bei nafuu ina jouli ngapi, yaani nishati ya kila mweko, ajibiwa "wati 300, bosi". Za nini? Ukisoma boksi, kumbe ni za balbu ya kuelekezea, ile inayowaka muda wote. Mweko wenyewe hautajwi popote. Halafu waambiwa uongeze pesa, jouli 400 ni mara mbili ya 200. Sawa, ila kwenye lenzi ni stopu moja tu, yaani hatua moja ya mwanga: tundu la f/8 lawa f/11. Na kujichaji je, sekunde ngapi? Hapo kimya. Bibi harusi akenue meno akingoja taa, na joto hili la kaskazi, wanja ushamchuruzika!