Msimwambie huyu mama kwamba hakuomba vya kutosha

Juzi mchungaji mmoja hapa Goma alitupa dawa ya maombi yasiyojibiwa: ongeza imani, ongeza kufunga, kisha panda mbegu, yaani toa sadaka. Mbegu ya dola, na noti isiwe imechanika. Katika mji ambao benki zake zilifunga milango Januari 2025! Wengine wakaitikia amina. Mimi nilitafuna ulimi.

Mbele yangu alikuwa ameketi mama anayeuza makala, yaani mkaa, mtaani Birere. Mwanawe alitoka nyumbani siku zile za Januari, vita vilipoingia mjini, na hajarudi. Mikesha yote mama huyo yupo. Akipata faida kidogo anaitia yunite, salio la simu, laini ya kijana, isije ikafungwa. Ukipiga, namba haipatikani. Anaitia tu. Huyo ndiye aliyepungukiwa imani? Ya kwenu mtaionyesha wapi, kwenye matangazo?

Tukumbushane kidogo. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege, tulipanga foleni kushuhudia kwamba tumeomba na Mungu amesikia. Sawa, hata mimi nilishukuru, na sijutii. Lakini kule Buhene, pembeni mwa mji, nyumba za watu ziliungua, na nina hakika Buhene nako usiku ule walipiga magoti. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikabomoa hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Nalo lilikuwa halijafunga vya kutosha?

Haya, Yakobo ameandika kwamba wapo wanaoomba vibaya. Wapo. Kuna anayekesha akiomba jirani afe. Yaishe hapo.

Ila Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke, haukuondoka. Yesu mwenyewe, Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke, akakinywa. Nani kati yenu angemshika bega amshauri apande mbegu? Na Habakuki hakubembeleza: "Ee Bwana, hata lini nitalia, wewe usitake kusikia?" Hakuna aliyemtoa nje ya Biblia kwa utovu wa nidhamu. Zaburi ya 88 nayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila ushuhuda wowote. Imo, na tunaiita Neno la Mungu.

Kwa nini Mungu ananyamaza, sijui, na anayesema anajua nitamwomba aje aeleze Buhene. Ninachojua ni kwamba mtu asiyemtumaini Mungu hamlalamikii. Anaacha tu kuongea naye. Anayelia kila usiku, miezi na miezi, bado anaamini kuna anayesikia.

Kwetu kipaza sauti ni cha waliopata: viza, mchumba, kazi kwenye shirika. Mpeni na ambaye hajapata. Aseme ameomba nini, tangu lini, na kwamba bado. Akimaliza, mwimbieni kama mnavyowaimbia wenye viza.