Kabla hujauliza ada ya PhD ya saikolojia, uliza watu wanamaliza lini

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanitumia picha ya barua ya udahili WhatsApp saa nane usiku kwa saa za huku Marekani ninakosomea PhD ya saikolojia ya kliniki, chini yake voisi ya dakika nne anashangilia. Kapata chuo Marekani, udaktari wa saikolojia ya kliniki, ile wanaita PsyD. Nyumbani Tanga washaanza kuitana, mjomba kasema kile kiwanja cha Pongwe kinaweza kuuzwa, mama mdogo anahesabu nani atachangia nini. Mi nikafungua barua nikatafuta mstari wa ada. Dola 41,000 kwa mwaka, bila chumba, bila bima, bila chakula, na chuo hakitoi hata senti. Nilikaa na ile simu mkononi mpaka kunakucha maana sikujua namwambiaje mtu mwenye furaha kiasi kile.

Nikapiga hesabu ya miaka mitano, ada peke yake, ikaja dola 205,000. Kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo ni zaidi ya milioni 512. Kiwanja cha Pongwe hakigusi hata muhula wa kwanza. Na mikopo ya serikali ya huku mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, hapewi, benki binafsi nyingi zinataka mdhamini ambae ni raia au mkazi wa kudumu, sasa mjomba atamdhamini vipi akiwa Pongwe?

Nikamwambia asubuhi yake, mdogo wangu usilipe chochote kwanza, nenda kwenye ukurasa wa hiyo programu utafute jedwali la matokeo ya wanafunzi alafu unipigie. Akanijibu "dada, jedwali gani?" Na hapo ndo nikajua ni lazima niandike hii, kwasababu hata mimi nilivyokuja Agosti 2019 sikua najua kama kuna kitu kama hicho.

Iko hivi. Huku programu za udaktari za saikolojia ya kliniki, ya unasihi na ya shule, zikitaka ithibati ya APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, zinalazimishwa kutangaza hadharani mambo ambayo kwetu hata ukienda na soda mkononi huambiwi. Kwamba waliomaliza walitumia miaka mingapi kwa wastani, na yule wa katikati, ukiwapanga kuanzia aliyewahi mpaka aliyechelewa, alitumia mingapi, asilimia ngapi walimaliza chini ya miaka 5, wangapi 5, wangapi 6, wangapi 7, wangapi wamepitiliza 7. Ada ya mwaka ni kiasi gani kwa mwenyeji wa jimbo na kwa mgeni, na zile ada ndogondogo ambazo hazifutwi ni ngapi. Kila kundi lililoingia mwaka fulani, wangapi wamehitimu, wangapi wako bado, wangapi wameondoka bila shahada. Wangapi walipata intanshipu, yaani ule mwaka wa mafunzo ya kazi, wangapi wamepata leseni baadae. Yote iko wazi, hulogin, huombi ruhusa, hata ukiwa Chumbageni na bando la mia tano unaisoma. Saikolojia ya maabara au ya jamii haiingii kwenye ithibati hiyo kwahiyo huko jedwali hili usilitegemee, lakini kwa anaetaka kuja kutibu watu lipo.

Na ukisoma majedwali mawili matatu unaanza kuona tofauti ya PsyD na PhD ambayo mawakala wa vyuo hawakuelezi. Mfumo wa PhD ya kliniki ulipangwa kwenye mkutano wa Boulder, Colorado mwaka 1949, mtu awe mtafiti na mtabibu kwa pamoja. PsyD ilianza Illinois 1968 na ikapewa baraka kwenye mkutano wa Vail 1973, hiyo inalenga zaidi kutibu. Zote mbili ni udaktari halali na leseni ni ileile, wala sisemi PsyD ni mbaya, nimefanya kazi na watu wa PsyD wazuri sana. Ila PsyD nyingi zinachukua madarasa makubwa na mwanafunzi anajilipia, PhD nyingi wanachukua wachache, sisi tulikua saba, ada inafutwa na unapewa posho kwasababu unafundisha na unafanya kazi kwenye maabara ya profesa. Mgeni mwenye F-1 asie na hela ya ukoo kwa kweli njia yake ni hiyo ya pili, hata kama atakataliwa mara mbili kabla ya kuipata.

Sasa na mimi niseme ya kwangu maana watu wanasikia "PhD bure Marekani" wanadhani ni bure kweli. Posho yangu ilianza na dola 19,000 kwa miezi tisa. Kiangazi hamna kitu. Ada ilifutwa ila zile ndogondogo nililipa dola 900 hivi kila muhula, miaka yote. Kabla hata sijapanda ndege nilishatoa dola 350 ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wageni, na 160 ya viza, hapo sijahesabu mitihani ya kuombea na kutafsiriwa vyeti. Muhula ukiwa unaendelea F-1 hairuhusu zaidi ya saa 20 kwa wiki na ni ndani ya chuo, na zile saa 20 zote zinaliwa na kazi ya posho yenyewe, kwahiyo ukipungukiwa umepungukiwa. Jedwali la programu yangu lilikua linasema yule wa katikati anamaliza miaka 6. Posho niliahidiwa miaka 5. Fomu yangu ya I-20, ile chuo inayokupa kuonyesha masomo yako ni ya muda gani, iliandikwa miaka 5. Hizo namba tatu zilikua mbele yangu tangu 2019 na sikuziweka pamoja, hakuna aliyenifundisha kuziweka pamoja. Mwaka wa sita nilikua naomba kufundisha darasa moja moja kwa mkataba wa muhula, na I-20 imeongezwa mara mbili, kila ikiongezwa moyo uko juu mpaka karatasi itoke.

Na kilichoniongezea mwaka wa saba ni utafiti wangu, ambao siujutii. Nilifanya na wakimbizi wa Kikongo wanaoongea Kiswahili, wale dodoso zetu za huzuni za maswali tisa ukiwasomea ilivyotafsiriwa wanakujibu kwa adabu tu. Mama mmoja aliniambia mwanangu mimi sina huzuni, mimi nina mawazo, mawazo yananila. Kukaa na maneno kama hayo, kuyarudisha kwa watu, kuyajaribu upya, ilichukua miezi kumi na nne. Hakuna jedwali linaloonyesha kwanini mtu kachelewa, na wengine tumechelewa kwasababu ya maana.

Alafu kuna intanshipu, mwaka mzima, ambayo bila hiyo huhitimu. Unaomba kama vile unaomba chuo upya, matokeo yanatoka Februari, unapelekwa popote. Hospitali za wanajeshi wa zamani, VA, ndo zinafundisha wanasaikolojia wengi kuliko mtu mwingine yeyote huku, na zinataka raia wa Marekani, basi, nafasi zote hizo mgeni unazipita tu kwenye orodha. Nimeomba sehemu 16, imenitoka zaidi ya dola mia tano. Namshukuru Mungu nimepata, niko nayo sasa, na ndo mara ya kwanza tangu nije nalipwa mwaka mzima bila shimo la kiangazi. Baada ya hapo kuna mtihani wa leseni, EPPP, maswali 225, ada dola 600 kabla hujalipia chumba cha mtihani na ada za jimbo.

Sasa njoo nyumbani. Rafiki yangu tuliesoma nae master, tuliokua tunagombea kimbweta kimoja, yeye kaanza PhD Dar mwaka huohuo wa 2019. Ni mhadhiri msaidizi kwahiyo mshahara wake unaendelea, ada yake ni kama milioni 4 kwa mwaka na mwajiri ndo analipa ile miaka mitatu ya kwenye karatasi. Kwa ada tu ni rahisi kupita kiasi, mimi ada ndogondogo peke yake za miaka saba zinafika dola 12,600, zaidi ya milioni 31, na hiyo ni kwa mtu anaesoma "bure". Yeye kajenga Goba, ana watoto wawili wamezaliwa ndani ya hiyo PhD, mama yake akiumwa anapanda basi la saa kumi na mbili anafika. Mimi nimemzika babu kwa simu, nikiwa nasahihisha mitihani ya watoto wa watu. Mtu akiniuliza nani kaishi vizuri zaidi hii miaka, simjibu haraka.

Lakini miaka mitatu ya karatasi iliisha 2022 na huyo rafiki yangu hajahitimu mpaka leo. Na sio kwamba mvivu, namjua, huyu ni mtu wa kuamka saa tisa. Pendekezo la utafiti lilipita dipatimenti, likasubiri kamati ya juu ambayo haikukaa, likakaa likarudi na marekebisho ya koma. Supavaiza wa kwanza akateuliwa cheo serikalini, wakambadilishia, wa pili akataka abadili nadharia yote. Barua ya kibali kwa Katibu Tawala wa mkoa, kutoka hapo wilayani, kutoka hapo kata, kila ofisi ina siku yake ya kusaini. Alivyokabidhi tasnifu akashusha pumzi, mtahini wa nje akakaa nayo miezi kumi na moja. Miezi kumi na moja! Ada ya kuongeza muda alikua analipa mwenyewe kila mwaka, na muda wote huo cheo kimeganda, nyongeza ya mshahara ya daktari hajaiona. Hizo hela haziandikwi popote kwenye karatasi ya ada lakini zimetoka, na ukizijumlisha ile rahisi inapungua urahisi.

Na kinachonikera hasa sio kwamba kwetu ni pole pole, huku nako watu wanachelewa, mimi hapa mwaka wa saba. Kinachonikera ni kwamba kwetu hakuna anaejua. Nilimuuliza siku moja, dipatimenti yenu, walioanza PhD na wewe ni wangapi na wamemaliza wangapi? Akanyamaza alafu akaanza kutaja majina kwa vidole, fulani alimaliza, fulani alienda Rwanda, fulani sijui. Mtu wa ndani kabisa, ana ofisi pale, anahesabu kwa vidole. Shahada ya kwanza kila mtu anajua nani kadisko nani ana sapu, orodha inabandikwa ukutani, ila PhD mtu anapotea kimya kimya miaka tisa na hakuna karatasi inayosema alikuwepo. Kutangaza hizo namba hakuhitaji mfadhili, hakuhitaji jengo. Masijala zipo, tarehe za usajili zipo, tarehe za mahafali zipo. Ni karani mmoja na wiki mbili. Na zikishatangazwa, mtahini wa nje atakaekaa na kazi ya mtu miezi kumi na moja ataonekana kwenye namba, kamati isiyokaa itaonekana.

Kitu kingine nataka wadogo zangu waelewe vizuri maana wengi mnachanganya. PhD ya tasnifu ya nyumbani na PhD ya kliniki ya huku hazifanani hata kama jina moja. Ya nyumbani inakutoa mtafiti, mhadhiri. Ya huku unakaa na wagonjwa kuanzia mwaka wa pili, ndo mana miaka inakua mingi. Kwahiyo kama shida yako ni kutibu watu Tanzania, kwanza ulizia master ya saikolojia ya kliniki ya MUHAS pale Muhimbili, utaanza kazi ya kukaa na watu wenye shida bila kusubiri miaka saba kama mimi. Kenya USIU wana PsyD, na Kenya wana sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, ukitoka hapo unajua unasajiliwa wapi. Sisi kwenye sensa ya 2022 tulikua milioni 61 na laki saba, kazi ipo, hospitali ya Mirembe ipo, mashule yapo, wala hakuna haja kila mtu apite Marekani kuifikia.

Kwa anaekuja huku bado namwambia njoo, ila kabla hujalipa ada ya maombi weka namba tatu kwenye mstari mmoja, miaka ya yule wa katikati, miaka ya posho uliyoahidiwa kwa maandishi, na miaka ya I-20. Zikipishana, ile tofauti ni mwaka wako wa njaa, uupangie leo. Alafu angalia safu ya walioondoka. Ukiona kila kundi linapoteza theluthi, mwandikie mwanafunzi wa mwaka wa nne, sio ofisi, umuulize kulikoni.

Mdogo wangu alilipata lile jedwali jioni yake. Akanipigia, hakushangilia safari hii, kaniambia dada hawa wengi wanamaliza mwaka wa sita, ile tano waliyoniandikia wameitoa wapi? Nikamwambia hapo sasa umeanza kusoma. Nafasi kaiacha, mama mdogo kalia kidogo, kiwanja kipo. Anaomba upya mwaka huu, PhD nne na ile ya MUHAS, na mi ndo namsomea insha zake.

Na yule rafiki yangu, nilimtumia jedwali la programu yangu lote kwa imeili wiki iliyopita. Kalitazama siku mbili. Juzi kanijibu kwamba kaenda masijala kuomba daftari la usajili la PhD kuanzia 2010 na wamempa, anajaza mwenyewe usiku watoto wakilala, na kaomba dakika kumi kwenye kikao cha dipatimenti. Kikao ni Alhamisi. Nimemwambia akitoka tu anipigie, hata kama huku ni usiku wa manane.