Kutosababishwa si kujisababisha

Mabishano ya barazani Lamu juu ya asili ya ulimwengu huishia mara nyingi kwenye swali hili: ikiwa kila kitu kina sababu, Mungu naye kasababishwa na nani? Na kama alijisababisha mwenyewe, mbona ulimwengu usijisababishe?

Swali hili lawadhulumu watu wa tauhidi. Hawakusema kila kitu kina sababu. Walisema kila kilichozuka baada ya kutokuwepo kina kilichokizusha. Mwanafalsafa Ibn Sina alitenganisha kiwezekanacho, ambacho hakiwi mpaka kipate cha kukipa kuwepo, na Wajibu wa kuwepo, asiyehitaji sababu kabisa, hata iwe yeye mwenyewe.

Kujisababisha ni dai jingine, na ukilipima linavunjika. Sababu hutangulia inachokileta. Kitu kikijileta kimejitangulia: kipo, ndipo kilete, hakipo, ndipo kiletwe. Kuongeza cha pili hakuponyi. Alifu ikiletwa na be, na be ikaletwa na alifu, basi alifu imejitangulia kwa daraja mbili badala ya moja. Tia hata mia katikati, kosa ni lile lile, limerefushwa tu. Hiyo ndiyo dauri, mzunguko wa sababu. Mnazi na nazi si mfano wake, ingawa hutajwa sana, kwani nazi iliyoota mnazi si ile itakayoangikwa juu yake miaka sita au zaidi baadaye. Huo ni mnyororo wa kurudi nyuma, tasalsuli, wenye mjadala wake. Kutegemeana kwa wakati mmoja hakuna ubaya: ubaba na uwana huja pamoja.

Mwanafalsafa Mfaransa Descartes, alipobanwa na mwanateolojia Arnauld mwaka 1641, alikubali kuwa Mungu hajileti kama sababu iletavyo kitu kingine, ila akashikilia kuwa kuna mfanano. Mwanafalsafa Spinoza alilikumbatia neno lenyewe la kujisababisha, lakini kwa maana ya kile ambacho dhati yake ni kuwepo. Hapo amemkaribia Ibn Sina kuliko inavyodhaniwa.

Hoja nzito zaidi ya kutetea kujisababisha ni ya wanafizikia J. Richard Gott na Li-Xin Li. Mwaka 1998 walipendekeza ulimwengu ambao mwanzoni mwake wakati unajizunguka, kila tukio likiwa na lililolitangulia, pasiwe na la kwanza. Wakati wa duara unadhoofisha hoja ya kutangulia, na hilo likubaliwe. Lakini duara zima lingeweza pia kutokuwepo, na matukio yaliyo ndani yake hayaelezi kwa nini lipo. Anayejibu, kama mwanafalsafa Bertrand Russell mwaka 1948, kwamba ulimwengu upo tu, ametoa jibu la kuheshimika, ila ameshaacha kudai kwamba ulijisababisha.