Kutu ndani ya chasisi ya Land Rover: uchomelee mwenyewe uani?

Ukitaka kujua hali ya Land Rover ya zamani, achana na bodi. Bodi ya Series, yaani matoleo ya mwanzo ya Land Rover, ni aloi ya alumini, kwa kuwa gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge chasisi, yaani fremu inayobeba gari zima, hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti butu, na pengine nyundo huzama.

Chasisi hiyo ni ya chuma cha unene wa karibu milimita 2, imeungwa kama sanduku refu lililo tupu ndani. Matope huingia kwenye matundu yake na kuganda humo, na pwani yakichanganyika na chumvi huwa hayakauki vizuri. Ndiyo maana gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja huoza kutokea ndani huku rangi ya nje ikipendeza. Huanza boriti ya nyuma na ile mikono ya pembeni inayoshika bodi.

Je, mwenye gari aliyejifunza kuchomelea aiguse kazi hii nyumbani kwake?

Wanaokataa wana hoja nzito. Chasisi hubeba springi na usukani. Mshono unaovutia kwa macho unaweza kuwa umelala juu ya chuma bila kushika, na hutajua mpaka siku gari limejaa watu na barabara ina mashimo. Joto nalo huvuta chuma: ukichomelea mfululizo upande mmoja, chasisi hupinda na gari halinyooki tena. Halafu kuna tangi, ambalo kwenye Series fupi liko chini ya kiti cha mbele. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Anayewasha mashine ya kuchomelea kabla ya kulishusha na kulipeleka mbali anacheza na roho yake na za jirani.

Hata hivyo, kumpelekea fundi si dhamana. Niliwahi kununua gari lililosemwa kuwa chasisi yake imeshatengenezwa. Nilipokata kiraka nilikuta kiraka kingine, na chini yake puti tupu ya kuzibia mashimo. Bati jipya lilikuwa limechomelewa juu ya kutu, na kutu ikaendelea kula. Simlaumu sana aliyefanya, maana kazi ya wiki nzima alilipwa kama ya siku moja. Hapo ndipo mwenye gari anapomshinda fundi: muda ni wake. Anaweza kukata mpaka akutane na chuma kinachong'aa, hata kama tundu la ukubwa wa sarafu litageuka dirisha la kupitisha mkono. Anaweza kukwangua matope yote ya ndani. Anaweza kupima mishazari ya chasisi, pembe hadi pembe, kabla ya kukata na baada ya kila mshono, aone kama haijapinda.

Kwa hiyo mikono ya pembeni na boriti ya nyuma naikubali uani, ila kwa masharti. Jifunzie kwanza kwenye vipande vya unene uleule, uvikate na kuvivunja uone kama vimeshika. Toa betri. Kiraka kiwe na unene sawa na chuma cha asili, kwa sababu bati nene huhamishia mzigo kwenye ukingo wake na nyufa huanzia hapo. Pembe zake ziwe za mviringo. Chomelea vipande vifupi, uache vipoe. Mwisho ingiza nta ya kuzuia kutu ndani ya sanduku. Oili chafu ambayo wengi hutumia hulainisha na kuharibu mipira.

Panaposhikia springi na sanduku la usukani, hapana. Hapo mpe fundi mwenye meza ya kunyooshea, au ununue chasisi mpya. Uingereza bado zinatengenezwa, zimechovywa kwenye zinki, ingawa usafiri wake ni mzigo wa pekee. Na chasisi mpya ina jambo moja ambalo wengi hulikumbuka wamechelewa: namba ya chasisi inayolitambulisha gari imegongwa kwenye chuma kile cha zamani. Nenda kwa wanaosajili magari kabla hujakikata, si baada ya kukiuza chuma chakavu.